Mwizi wa Kurasa za Mwisho

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina vyumba sita, ukumbi mrefu, ua wenye mwembe, na madhehebu mawili ya riwaya za upelelezi. Mume wangu anamfuata Willy Gamba. Mimi namfuata Bwana Msa. Shemeji yangu yuko katikati na Joram Kiango wake, na kila tukibishana pande zote mbili humwita awe shahidi. Mama mkwe wangu hana upande. Akiletewa ujumbe kwenye simu humwita mjukuu amsomee, kisha hurudi kwenye kofia anayoidarizi, huku amenyoosha miguu mkekani.

Niseme mapema kwamba mimi si mhakiki. Nasoma maharage yakiwa jikoni na unga wa vitumbua ukiumuka. Kitabu kikinichosha nakiweka chini, simwombi mtu radhi. Lakini anayesoma kwa kuibia muda ana kipimo ambacho profesa hana: kitabu kizuri ni kile kilichounguza maharage.

Kwa kipimo hicho Bwana Msa ameniunguzia sufuria nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa kitabu mwaka 1960. Watu wameshikwa na hofu ya mzimu, kila mmoja ana uvumi wake, naye Bwana Msa na sahibu yake Najum wanauliza maswali. Anavuta kiko, anasikiliza, anauliza tena. Hapigi mtu ngumi. Mpaka hadithi inakwisha umegundua kwamba maneno yaliyomtia mwovu hatiani uliyasoma mwenyewe zamani, ukayapita kwa haraka ya kutaka damu.

Mume wangu husema mzee wangu huyo anakaa mno. "Willy Gamba angekwisha maliza kazi, ameoga, yuko kwenye ndege." Ni kweli. Elvis Musiba alipotuletea *Kufa na Kupona* mwaka 1974 na *Kikosi cha Kisasi* mwaka 1979, hakutaka mtu wa kukaa. Kusini mwa Afrika vita vya ukombozi vilikuwa havijakwisha, Makaburu walikuwa na mikono mirefu, na vijana wa rika la mume wangu walitaka jasusi wa Kitanzania anayejua bastola, karate na kuvaa suti. Walimpata, wakalala usingizi wakijua nchi ina mlinzi. Hilo silidharau. Ninalolalamikia ni kwamba Willy Gamba hashindwi, na asiyeshindwa hanitii hofu. Tena wanawake wa vitabu vile ni warembo kupita kiasi, na hakuna hata mmoja anayeonekana akiosha chombo.

Shemeji naye hutetea vitabu vya Ben Mtobwa. Katika *Tutarudi na Roho Zetu?* na *Najisikia Kuua Tena* kuna mbio za Musiba na kuna fumbo pia, na katika cha kwanza Joram Kiango ana Nuru ubavuni, mwanamke ambaye hakuwekwa pale awe pambo tu. Kwa hiyo shemeji hujiona ana vyote viwili. Hujiona hivyo katika mambo mengine pia, lakini hapa tuzungumzie vitabu.

Tungeishi kwa amani na mabishano yetu kama mume wangu asingekuwa na ugonjwa mmoja: akijua mwisho wa hadithi, lazima autangaze. Baada ya sala ya isha hukaa kibarazani, akakohoa, akaanza. Hakuanzii mwanzo. Huanza na muuaji. Binti yetu alikuwa anasoma visa vya Sherlock Holmes kwa ajili ya mtihani, hata hajafika pale Holmes anapodhaniwa amekufa maporomokoni, baba yake akamwambia asihuzunike, atarudi. Wasomaji wa Uingereza walilia mwaka 1893 Conan Doyle alipomuua mpelelezi wake, wakasubiri kisa cha kumrudisha hadi mwaka 1903. Binti yetu hakupewa hata dakika ya kulia. Alifunga kitabu, akaenda kuosha vyombo bila kuagizwa, na hapo ndipo nilipojua ameumia.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na dawa ya ugonjwa huo. Mwanawe akikohoa tu, yeye alikunja kofia yake, akachukua sindano na wembe wake wa kukatia nyuzi, akaingia ndani akisema mbu wamezidi. Hata msimu ambao mbu hawakuwepo.

Basi, usiku mmoja mume wangu alikuwa kitandani na *Kikosi cha Kisasi*, nakala ya mtumba aliyoinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Alikwisha isoma ujanani, lakini anasema jasusi mzuri husomwa upya. Nikasikia ukelele. Nikadhani nge.

"Kurasa za mwisho hazipo!"

Alinilaumu mimi kwanza, maana mimi ndiye mfunga vitumbua. Nikamwonyesha rundo langu la magazeti ya zamani, nikamwambia mteja akifungiwa kitumbua kwa ukurasa wenye bastola atauliza maswali. Akamlaumu muuza vitabu. Lakini siku chache baadaye *Tutarudi na Roho Zetu?* ya shemeji, ambayo mume wangu alikuwa ameiazima kwa nguvu, nayo ikakutwa haina mwisho. Shemeji akaapa kwamba ilikuwa nzima alipoitoa chumbani kwake. Kisha riwaya ya James Hadley Chase, yule Mwingereza aliyeandika habari za majambazi wa Marekani akitumia ramani na kamusi ya misemo ya mitaani, ikapatwa na mkasa uleule. Nyumba ikawa na mwizi.

Mume wangu alistaafu ukarani, na tangu siku ile alikuwa akitafuta kazi inayolingana na heshima yake. Sasa ameipata. Alivaa shati jeupe. Alihamisha meza kuiweka katikati ya ukumbi, akafungua daftari, akaandika juu kwa wino mwekundu: UPELELEZI. Akawaita watu mmoja mmoja.

Mwanetu mdogo alikiri haraka kwamba alitengeneza mashua za karatasi, lakini za daftari la hesabu. Akachapwa kwa ajili ya hesabu. Shemeji aliulizwa alikuwa wapi Jumanne jioni, akakataa kujibu, na mke wake aliyekuwa akisikiliza mlangoni akataka jibu hilo kuliko mpelelezi mwenyewe. Kesi ile nyingine ilichukua jioni nzima na haihusiani na riwaya. Mama mkwe hakuitwa. Nani angemwita mzee kumhoji habari za vitabu?

Akabaki binti wa kazi.

Ni Msambaa wa Lushoto, mpole, anaamka kabla ya adhana kuwasha jiko la mkaa, na jiko la mkaa huwashwa kwa karatasi. Kwa mume wangu hoja ilikwisha hapo. Akaenda jikoni kwa mwendo wa kunyata, akachakura majivu kwa kijiti, akarudi amebeba kipande cha karatasi kilichoungua nusu. Akakiweka mezani kwenye kisosi.

"Hii nini?"

"Karatasi, baba."

"Ya wapi?"

"Nimeokota uani, baba. Sijui kama ilikuwa ya kazi."

"Ulikata kurasa za vitabu vyangu ukawashia moto. Sema kweli tuyamalize."

Yule binti alimtazama, akanitazama mimi, akasema maneno ambayo hata Bwana Msa angeyaandika pembeni. "Baba, mimi nikitaka karatasi ya moto, kwa nini nihangaike kukata za mwisho? Si ningechukua kitabu chote?"

Mume wangu akaandika katika daftari kwamba mtuhumiwa ni mjanja. Akatangaza kuwa mwisho wa mwezi atakatwa mshahara, arudishwe kwao kwa basi. Nauli akaihesabu palepale.

Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi, alitunga kanuni kumi za kazi hiyo. Moja inasema mpelelezi asiokote dalili yoyote bila kuionyesha kwa msomaji papo hapo. Kwangu hiyo peke yake yatosha. Nyingine tisa padri angeweza kubaki nazo. Kitabu kinachoficha dalili mfukoni hadi ukurasa wa mwisho, kisha kikamleta pacha ambaye hakutajwa, kimenidanganya, na maharage yangu yameungua bure. Kwa hiyo nami nakutendea haki, msomaji: kila nilichokitumia kumpata mwizi wetu umekwisha kukisoma, isipokuwa vitu viwili ambavyo nakupa sasa hivi.

Cha kwanza, vile vitabu. Nilivichukua nikavitazama mwangani. Karatasi iliyochanwa kwa mkono huacha meno. Hizi zilikuwa zimekatwa karibu na mgongo wa kitabu, mstari umenyooka, hakuna uzi wa jalada uliokatika. Aliyekata alitumia kitu chenye makali, tena hakuwa na haraka. Na katika kila kitabu kurasa zilizoondolewa zilianzia mbele ya njiti ya kiberiti ambayo mume wangu huitumia kuweka alama alipofika. Vitabu alivyokwisha kuvimaliza havikuguswa. Mwizi hakutaka karatasi. Alitaka mume wangu asifike mwisho.

Cha pili kilitokea alasiri ileile ya mahakama. Nilikuwa ukumbini na *Kisima cha Giningi*, natafuta kutuliza moyo. Mama mkwe alikuwa mkekani. Alitia uzi mpya kwenye sindano, akauvuta, akainama kwenye kofia. Nikaguna kwa jambo nililolisoma.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Watu wamekaa tu, mama, wanazungumza."

"Ngoja Bwana Msa awashe kiko. Akiwasha kiko ujue ameona kitu."

Nikaitikia, nikaendelea kusoma mistari kadhaa. Kisha nikakishusha kitabu.

Mume wangu hajawahi kusimulia Bwana Msa katika maisha yake. Hawezi kumstahimili hata kurasa tano. Wanangu hawajamsoma. Mimi husoma kimya. Nani alimwambia mama mkwe habari za kiko? Na mtu ambaye macho yake hayaoni herufi za simu, ametiaje uzi katika tundu la sindano ya kudarizi mara moja tu, alasiri, mbali na dirisha?

Sikumwita mezani. Nilikwenda jikoni nikapika chai ya tangawizi, nikamletea na kitumbua cha moto, nikakaa mkekani karibu yake. Ndivyo Bwana Msa angefanya.

"Mama," nikamwambia, "yule binti anarudishwa Lushoto kwa kosa asilolifanya."

Akaendelea kudarizi. Akamaliza ua zima. Akakata uzi kwa wembe, akauweka wembe chini katikati yetu, akanitazama bila haya hata kidogo.

"Nimesikia. Nilikuwa nangoja nione kama kuna mwenye akili katika nyumba hii. Kamwite mwanangu."

Kesi ikafunguliwa upya, safari hii mkekani, na mpelelezi akiwa amechutama mbele ya mama yake. Mama mkwe alitia mkono chini ya mto wake wa sufi akatoa bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na miisho yote, kila mmoja umefungwa kwa uzi wa rangi yake: wa Musiba kijani, wa Mtobwa bluu, wa Chase mwekundu.

"Mama, wewe unasoma?"

"Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wewe ulikuwa unacheza gololi. Mimi nilikuwa chini ya mwarobaini na ubao na chaki, nimembeba mdogo wako mgongoni. Ulidhani nilikwenda kupunga upepo?"

"Na simu unasomewa kwa nini?"

"Napenda sauti za wajukuu zangu. Tena watu huacha barua wazi mbele ya mtu asiyejua kusoma." Akamtupia jicho shemeji, ambaye ghafla alikumbuka ana mtu wa kuonana naye. "Miaka yote hii hakuna siri ya nyumba hii inayonipita. Huyo Willy Gamba wenu angekuja kusoma kwangu."

Kisha akaeleza kosa lenyewe. Mchana, sisi tukiwa kwenye shughuli zetu, alikuwa anasoma vitabu vya mwanawe, kidogo kidogo, kwa miwani ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Lakini yeye ni msomaji wa mwendo wa polepole na mwanawe ni wa mbio. Kila alipofika mahali patamu, mwanawe alimaliza kitabu, na jioni akakaa kibarazani kumtaja muuaji kwa sauti ya mnadani. Mzee akikimbilia chumbani, sauti ilimfuata dirishani. Alivumilia. Siku aliyomwona mjukuu wake akifunga Sherlock Holmes na kwenda kuosha vyombo kimya, uvumilivu ukamwishia. Akachukua wembe.

"Sikuiba," akasema. "Nimeziweka amana. Ningezirudisha nikisha kumaliza, na kushona ningezishona. Mimi nashona vizuri kuliko waliovitengeneza."

Mume wangu alitaka kujua kwa nini mama yake hakusema mapema, binti wa kazi alipotuhumiwa. Hapo mama mkwe alikasirika kweli. "Nilitaka nione utakwenda umbali gani. Umesoma vitabu hivyo ujana wako wote, na hukujifunza hata kwamba wanayemkamata kwanza siye. Kitu kimepotea, nyumba ina watu kadhaa, ukaenda moja kwa moja jikoni kwa mtoto wa watu asiye na wa kumtetea. Kwa nini? Kwa kuwa mimi ni mama yako, huyu mkeo, yule ndugu yako. Sisi wote ulitutendea kwa adabu, ukamtolea hukumu mmoja. Haya, inuka."

Mume wangu aliinuka. Alikwenda jikoni, na nyumba nzima ilimsikia akimwomba radhi yule binti, maana mama yake alimwamuru aseme kwa sauti ileile anayotajia wauaji. Nauli aliyoihesabu akampa iwe bakshishi. Kipande kile cha kisosini kilipotazamwa vizuri kilionyesha jedwali la saba. Kilikuwa mashua ya mwanetu.

Katika kujitetea mume wangu alisema kwamba riwaya nzuri haiharibiki kwa kujulikana mwisho, akamtoa Frederick Forsyth shahidi. Na shahidi huyo ana uzito. *The Day of the Jackal* ilitoka mwaka 1971 na inahusu mtu aliyekodiwa amuue Charles de Gaulle, ambaye dunia nzima ilijua kwamba alikufa nyumbani kwake mwaka 1970, si kwa risasi. Msomaji anaanza akiujua mwisho, na bado viganja vinatoka jasho, kwa kuwa hajui mtego utateguliwaje. Nakubali. Kuna vitabu vya namna hiyo, na vingi vya Willy Gamba ni vya namna hiyo: unajua atashinda, unafuata njia tu.

Lakini kuna vya namna nyingine, ambavyo mwisho ndio nguzo. Ukiuondoa paa linashuka. Agatha Christie alitoa *The Murder of Roger Ackroyd* mwaka 1926, na anayekutajia muuaji wa kitabu kile amekunyang'anya kitu ambacho hutakipata tena, hata uishi miaka mia. Sitamtaja. Mchezo wake wa kuigiza, *The Mousetrap*, ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952, na hadi leo kuna desturi kwamba onyesho likiisha watazamaji huombwa wasiende kuwaambia wengine nani aliyeua. Maelfu kwa maelfu ya watu wasiojuana wameweza kuitunza siri hiyo. Mume wangu hakuweza kutunza hata moja, na mke wake yuko jikoni.

Sasa nyumba ina sheria, ameitunga mama mkwe na mimi nimeiandika. Anayemaliza kitabu anakirudisha kwenye mtoto wa meza na kunyamaza mpaka wa mwisho amalize. Wa mwisho ni mama mkwe, na haharakishwi. Binti wa kazi naye ameingia kwenye foleni. Ameanza na *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, na anasema usiku simu ikilia hataki kuipokea. Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki bora uliowahi kutolewa katika nyumba hii.

Nawe unayesoma haya, ukimaliza riwaya mpe mwenzio kitabu, usimpe jina la muuaji. Na kitu kikipotea nyumbani kwako, usianzie jikoni.